Mkono wa Breki

Dereva wa treni ya mawe alishuka, akafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akamwambia Sindano mbele ya watu wote, bila kujua kwamba anatia moto nyumba ya watu: "Dada yako anakusalimu. Anasema cherehani ya pili imeshafungwa pale dirishani, anakungoja wewe na mtoto. Niwabebe lini?"

Wanawake waliokuwa wakipakia wakasimama na mawe mikononi.  Sindano alitazama juu ya jukwaa la kupakia, alikosimama wifi yake, kiuno kimefungwa khanga mara mbili, mtaimbo begani.

"Dereva," alisema yule wifi, "wewe umeajiriwa kubeba mawe au kubeba wake za watu?"

Watu wakacheka. Dereva naye akacheka, kisha akaona uso wa Sindano, akanyamaza. Alipanda kwenye kichwa cha treni, akavuta mabehewa yaliyokwisha kujaa na kuteremka nayo kuelekea stesheni kubwa. Likabaki behewa moja ambalo halijajaa. Angelirudia baadaye.

Wifi huyo walimwita Jemadari. Ndiye aliyesimamia wapakiaji wa machimbo, na hakuna aliyewahi kumpa cheo hicho, alikichukua tu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamsha wafu, na jiwe moja likiwekwa vibaya kwenye behewa alilishusha mwenyewe na kulirudisha mahali pake. Sindano alikuwa mke wa marehemu mdogo wake. Jina la Sindano alipewa siku ya kwanza kufika pale akiwa bibi harusi, kwa wembamba wake, na Jemadari ndiye aliyempa.

Reli ya machimbo ilikuwa nyembamba, mtu akitanua miguu anakanyaga vyuma vyote viwili. Mbele ya jukwaa ilichepuka njia ya pembeni, na hapo mabehewa yalisimama kupakiwa kwa mikono: mawe makubwa chini na kingoni, madogo katikati. Njia hiyo ilikuwa na mteremko kidogo, usioonekana kwa macho, lakini behewa lililojaa liliujua vizuri. Kwa hiyo kila behewa lilikuwa na mkono mrefu wa chuma ubavuni. Ukiukandamiza chini, breki zinauma magurudumu, na jino la chuma linaushika mkono usipande. Juu ya hapo, gurudumu huwekewa kabari ya mbao.

Kazi ya breki ilikuwa ya mume wa Sindano. Vumbi lilipomla kifua akafa, kazi akapewa mkewe, kwa kuwa alikuwa ameshaijua kwa kumsaidia siku ambazo hakuweza kusimama. Tangu hapo aliishi na Jemadari katika chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, cha pili kutoka bombani. Katikati waligawanya kwa pazia. Upande wa dirisha palikuwa na kitanda kikubwa, alikolala Jemadari na mtoto wa Sindano, binti wa miaka sita. Upande wa mlango alilala Sindano. Usiku alimsikia mwanawe akicheka na shangazi yake ng'ambo ya pazia, naye akilala na ukuta.

Hakuna aliyemfungia. Kila aliposema anataka kurudi kwao, Jemadari alimjibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Nenda, wifi. Mlango hauna kufuli. Ila damu ya ndugu yangu haiendi kulelewa na watu baki."

Jemadari hakuwahi kuzaa. Yule mtoto, mwenye paji la uso la marehemu, ndiye pekee aliyeachwa na ndugu yake. Sindano alilijua hilo, na ndilo lililomfunga ulimi. Angalau mtu mbaya ungemchukia ukapumzika.

Behewa la mwisho lilijaa mchana. Mara king'ora cha baruti kikalia kule juu, na wanawake wakaweka karai zao chini wakaelekea kwenye handaki nyuma ya kilima, wakisukumana na kutaniana kama wanaokwenda sherehe. Sindano alikuwa akiigongomea kabari chini ya gurudumu. Alipoinuka alimkuta Jemadari ameshuka jukwaani, amesimama kwenye reli upande wa chini wa behewa, anasukuma kwa mtaimbo jiwe kubwa lililoanguka na kujibana kwenye reli.

"Wifi, king'ora."

"Nina masikio. Treni ikija isikute takataka kwenye njia yangu."

"Tutaliondoa baadaye. Twende."

Jemadari hakugeuka. "Tangu lini mnapelekeana salamu na dada yako?"

"Dada yangu ni dada yangu. Sihitaji kibali kupokea salamu zake."

"Na mtoto? Naye amesalimiwa?"

"Mtoto ni wangu, wifi. Nilimzaa mimi."

"Ulimzaa kwetu," Jemadari alisema, akaegemeza uzito wake wote kwenye mtaimbo.

Mlipuko wa kwanza ukaja, kisha wa pili juu yake. Ardhi ikaruka. Sindano aliona kabari ikichomoka chini ya gurudumu kama mbegu ya ndimu iliyobinywa, na wakati uleule akasikia kelele aliyokuwa akiiogopa tangu mvua zilizopita, siku zote alizosema kwamba lile jino la breki limelika na akaambiwa fundi atakuja. Jino liliteleza. Mkono wa chuma ukapanda. Behewa likaanza kwenda, polepole, bila haraka yoyote.

Alijirusha. Aliangukia mkono wa breki kwa tumbo, akaukandamiza hadi chini, magurudumu yakapiga kelele na behewa likasimama. Halikuwa limekwenda hata urefu wa mtu. Lakini Jemadari alikuwa amechelewa kuruka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebaki kati ya gurudumu na lile jiwe.

Hakupiga yowe. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, akaketi kwenye mataruma, akautazama mguu wake.

Milipuko mingine ikafuata, vijiwe vikanyesha juu ya bati la kibanda. Kisha kimya. Wote wawili walisikiliza, maana kila mtu pale alijua fundi baruti alitega mashimo mangapi siku ile. Walikuwa wakimwona asubuhi akiyatoboa. Mlipuko mmoja haukuja.

"Imegoma," alisema Jemadari.

 Baruti ikigoma, hakuna mtu anayeruhusiwa kutoka handakini mpaka muda mrefu upite, kisha fundi aende peke yake akaitazame. Zamani watu wawili walitoka mapema, na vipande vyao havikukusanywa vikatimia. Handaki lilikuwa nyuma ya kilima kizima. Walipiga kelele hata hivyo, kwanza mmoja mmoja, halafu pamoja. Jemadari, ambaye sauti yake ilizoeleka kufika machimbo yote, aliita hadi ikamkauka, na kilichomjibu ni kilima.

"Usiachie," akasema.

"Siachii."

"Ukiachia kidogo tu linanipanda."

"Nimesema siachii, wifi."

Jino halikushika tena. Sindano alijaribu kuliingiza mahali pake kwa goti, likateleza, na behewa likasogea upana wa kidole. Safari hii Jemadari alipiga yowe. Baada ya hapo Sindano hakujaribu tena. Alilala juu ya kile chuma, tumbo likiwa limekunjwa juu yake, mikono miwili imekishika kwa chini, vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa ardhi. Kama angekuwa mnene kama wifi yake, uzito wake ungetosha bila kujikaza. Kwa wembamba ule ilimbidi avute.

"Kabari iko wapi?" aliuliza.

"Naiona. Chini ya jukwaa."

Jemadari alijinyoosha na mtaimbo, akaigusa ile mbao, akaisukumia mbali zaidi. Akatukana. Kisha akaanza kuokota mawe yaliyokuwa karibu naye na kuyapenyeza chini ya gurudumu la pili, moja baada ya jingine, akifanya kazi kwa utaratibu kama alivyopakia siku zote. Lakini mawe yao yalikuwa ya chokaa. "Legeza kidogo tuone," alisema, na Sindano alipolegeza, kwa uangalifu mkubwa, gurudumu likalitafuna jiwe la kwanza kama mtu anayetafuna muhogo mbichi. Akakandamiza upesi.

"Basi," Jemadari alisema. "Basi, basi, basi."

Jua lilikuwa utosini. Jasho lilimwingia Sindano machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Kutoka pale alipolala aliiona njia nzima: reli zinateremka, zinapinda kwenye ukingo wa kilima, zinakwenda zake. Alikuwa ameitazama njia hiyo miaka mingi na kila mara iliondoka na mtu mwingine. Sasa hakuweza hata kujikuna.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Jemadari.

"Shuleni."

"Alikunywa uji?"

"Ulimpa mwenyewe asubuhi, wifi."

"Eeh. Nilimpa."  Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na damu ilikuwa imelowesha kokoto chini yake, si nyingi, kwa kuwa gurudumu lenyewe liliikandamiza. "Sindano. Nikuambie kitu."

"Usiongee. Tunza nguvu."

"Mchukue mtoto. Nenda naye kwa dada yako. Mimi nimekubali, Mungu anasikia."

Sindano alifumba macho. Kwa muda wote wa ujane wake alikuwa akiyangoja maneno hayo, na yalipokuja, yalikuja hapa.

"Usiniambie sasa," alisema. "Utaniambia ukitoka."

"Huamini?"

"Wewe mwenyewe ungeamini?"

Jemadari alisogeza mtaimbo pembeni.

Ikafika wakati mikono haikuwa yake tena. Ilitaka kuachia kama macho yanavyotaka kulala, bila chuki na mtu. Aliiita kwa jina, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akiibembeleza. Ndipo wazo likamjia, wazi kabisa, likakaa mbele yake kama mgeni aliyekaribishwa kiti: jino la breki ni bovu, kila mtu analijua. Alilisema mwenyewe mbele ya mashahidi. Hakuna mtu duniani angemuuliza kitu. Angelia, na kilio kingekuwa cha kweli, na jioni pazia lingeshushwa.

Alifumbua macho. Jemadari alikuwa akimtazama. Hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama vidole vyake.

 Sindano aliuma khanga yake kwa meno, akavuta chuma kuelekea kifuani, na hakuruhusu wazo lolote jingine kupita, zuri wala baya, mpaka mlipuko uliochelewa ulipotikisa kilima na king'ora cha salama kikalia.

Wanawake walikuja wakitembea, halafu wakikimbia. Waliweka mabega kwenye behewa, wakalisukuma kurudi juu wakiimba bila kujua kwamba wanaimba, maana hawakuwahi kusukuma kitu kizito bila wimbo. Jemadari alitolewa. Sindano naye ilibidi atolewe, vidole viligoma kufunguka, na mmoja wa wapakiaji alivikunjua kimoja kimoja huku akimwambia, "Imeisha, mwenzangu, imeisha, leta hiki nacho."

Haikuwa imeisha.

Hospitalini walimkata Jemadari mguu chini ya goti. Aliporudishwa chumbani, wapakiaji walijaa mlangoni, wakamsifu Sindano mpaka akaona haya. Na kila sifa ilikuwa na mkia. "Umemwokoa, Mungu akulipe. Sasa mguu wake ndio wewe." Mwingine akasema, "Angekuwa na nani kama si wewe?" Hata dereva, aliyeleta machungwa, alimnong'oneza kwamba dada yake amesikia, na anaelewa, na atampa mtu mwingine ile cherehani kama itabidi.

Akawa mguu. Asubuhi alimbeba Jemadari hadi msalani, akamwosha, akabadilisha vitambaa vya kidonda, akakimbilia kwenye breki. Adhuhuri alirudi kumgeuza. Jioni alichota maji, akapika, akafua. Jemadari alikuwa na hasira ya mtu aliyezoea kusimama. Uji ulikuwa moto, mara baridi. Mto ulikuwa juu, mara chini. Usiku, ng'ambo ya pazia, mtoto alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameambiwa asimguse shangazi mguu, na akawa analala kingoni kabisa, amejikunja, anaogopa kupumua. Sindano alimsikia akiwa macho. Mara nyingi wote watatu walikuwa macho, kila mmoja akijifanya amelala.

Alingoja mpaka kidonda kilipokauka na Jemadari alipoweza kukaa mwenyewe. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, mtoto yuko nje bombani na wenzake. Sindano alikuwa akimfunga kitambaa safi.

"Wifi," alisema, "pale relini uliniambia kitu."

"Pale relini ningekubali hata kuitwa punda."

"Najua. Ndiyo maana sikukujibu. Nakuuliza leo."

"Leo jibu ni hapana." Jemadari alitazama dirishani. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi zizi langu ni hili. Na wewe unataka kuling'oa."

"Nataka kuondoka na mwanangu."

"Baada ya yote? Watu watasemaje? Uliniokoa ili uje unitupe?"

Sindano alimaliza kufunga, akakaza fundo.  

"Ulikuwa unatazama vidole vyangu," alisema.

Jemadari akageuka.

"Uliona," Sindano alisema. "Nilifikiria kuachia, wifi. Si kwa kuchoka tu. Nilifikiria kabisa, kama mtu anavyofikiria kazi ya kesho. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Nikakuona hupo."

Nje watoto walikuwa wakigombania ndoo. Sindano alingoja tusi, au kofi. 

"Nilijua," alisema Jemadari mwishowe. "Nilikuona ukifika hapo. Nikajisemea, na mimi ningekuwa yeye..." Hakumaliza. Alijifunika shuka hadi kiunoni. "Hukuachia, lakini."

"Sikuachia. Ila nimekaa hapa miezi yote hii nikikuosha, na lile wazo halijaondoka. Linakaa pale mlangoni. Ukinifokea linanitazama. Naliogopa, wifi. Mimi si mtu mbaya. Sitaki niwe."

Sindano alidhani mazungumzo yamekwisha, akaanza kukusanya vitambaa vichafu.

"Mpwa wangu wa kule bondeni," Jemadari akasema, "yule mvivu. Mwambie dereva amwite. Atanishika mkono mpaka nijue magongo."

"Na mtoto?"

"Usiniulize mara mbili, Sindano. Nitasema hapana tena."

Hakumuuliza. Walikaa pamoja mpaka yule mpwa alipofika na kuzoea, na kweli alikuwa mvivu, na ugomvi wao ulimrudishia Jemadari sauti. Kampuni ililetea mabehewa yote meno mapya ya breki. Lilikuja sanduku zima, baada ya miaka ya kuambiwa hayapatikani. Sindano alimfundisha kazi mpakiaji aliyevikunjua vidole vyake.

Siku ya safari Jemadari alikwenda kwenye njia ya pembeni kwa magongo, mwendo wa kusimama kila baada ya nyumba mbili, na hakutaka kushikwa. Wapakiaji walimwekea gogo la kukalia jukwaani. Sindano alipanga mabegi mawili kwenye behewa tupu nyuma ya kichwa cha treni, akampandisha mtoto, kisha akarudi, akapiga goti mbele ya wifi yake.

"Nisamehe palipo na kosa."

"Inuka, unachafua nguo," Jemadari alisema. Alimtazama mtoto kule juu ya behewa, akamtazama hasa, kama mtu anayekariri. "Huyu akiamka na kifua, mpake mafuta mgongoni, si mbele. Baba yake alikuwa hivyo."

"Nitampaka."

"Na likizo umlete. Au nitakuja mwenyewe. Nina mguu mmoja, lakini mdomo ninao mzima."

"Njoo, wifi."

Dereva alipiga honi. Treni ilipoanza kuondoka mtoto alipunga mkono, akaita, "Shangazi! Shangazi!" Jemadari hakupunga. Alikuwa amegeukia behewa lililosimama karibu naye, akiwafokea wapakiaji kwamba jiwe lile la kona limekaa vibaya, walishushe, walirudie. Wanawake walilitazama lile jiwe. Lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Wakalishusha, wakalipandisha tena, bila mtu kucheka.

Kwenye behewa Sindano alikuwa ameketi juu ya begi, mtoto katikati ya magoti yake. Treni ilifika pale njia inapopinda. Aliona kilima kikifunika jukwaa, kisha bati la kibanda, kisha vumbi. Alikuwa amefikiri atalia, au atacheka. Aliona njaa tu, njaa ya ghafla ya mtu ambaye hakula asubuhi, akafungua kitambaa, akagawa viazi, kimoja cha mtoto na kimoja chake.